Mita Tisa

Walitandaza mchoro juu ya meza ya ofisi ya mtaa,
wakaukandamiza pembe zote nne kwa mawe,
maana upepo wa Juni hapa Iringa haupigi hodi.
Jiwe moja nililifahamu. Lilitoka kwenye ngazi yangu.

Nyaulingo, mtendaji, akasema: kila mmoja atafute kwake.
Tukainama. Watu wazima, tuliojenga kwa mikono yetu,
tukatafuta nyumba zetu kama mtu anayechambua mchele usiku.
Mimi nilianzia mtoni, darajani Ruaha Mdogo,
nikapanda na kidole njia ninayopanda na ndoo,
nikapita kwa Luvanda, nikapita mwamba wa mbuzi,
nikapumzika pale ninapopumzikaga,
nikafika.
Jiko langu lilikuwa barabara.

"Mita tisa," akasema kijana wa mipango miji,
sauti ya upole, koti zito, mafua.
Akaniuliza kama nina hati.
Nina karatasi ya kuuziana, nikamwambia,
iling'olewa kwenye daftari la hesabu,
wino wa bluu: Twilumba Mhavile amenunua
kutoka kwenye mparachichi hadi kwenye mtaro,
elfu themanini na dumu moja la ulanzi.
Mashahidi watatu. Wawili tumewazika,
wa tatu amesahau hata jina la mkewe.
Mparachichi nao ulianguka mwaka ule wa mvua.
Mtaro umehama.

Hapo watu walicheka. Nami nikacheka.

Kisha Kiwele akasimama, kicheko kikakatika,
maana sote twajua Kiwele akisimama anasimamia nini.
Hakuusimulia usiku ule. Alisema tu:
"Gari liliishia darajani."
Mkewe tulimshusha juu ya mlango,
tuliung'oa bawabani, wanaume sita, matope hadi magotini,
na mlango ulikuwa wangu, wa jiko hilohilo.
Asubuhi mlango ulirudi.
Niliusugua kwa majivu, nikaupachika tena,
na kila nikiufungua kuna neno unaanza kulisema
halafu unaliacha.

Kwa hiyo msiandike kwamba Twilumba anakataa barabara.
Barabara naitaka. Naitaka kuliko nyie.
Nauliza vitu vidogo:
laki moja na nusu ya kuchangia, nitauza maharage ya nani?
Fidia mnasema haipo, huku ni kurasimisha;
neno zuri, linajaza mdomo, halishibishi.
Na mbona barabara yenu imenyooka kwetu sote,
nyumba kumi na nane, nimehesabu,
ikifika ukuta wa nyumba ya wageni ya diwani
inapinda, kama mtu aliyemwona mdai wake?

Kimya.
Nyaulingo akatazama saa ya ukutani,
ile iliyokufa tangu mwezi wa pili.
Kijana akapenga kamasi, akautazama mchoro,
akaweka rula, akaondoa rula.
"Hilo," akasema, "hata mimi niliuliza."

Sijui kama lilikuwa jibu.

Akachukua penseli, akachukua kifutio.
Labda jiko lingesogea. Labda kona ingenyooka.
Labda alikuwa anasafisha tu palipochafuka.
Makombo ya kifutio yakaniangukia kwenye kitenge,
meusi, madogo, kama mbegu za mchicha.
Nikamshika mkono.
"Taratibu, mwanangu. Hapo unapofuta
nimeacha maharage motoni."