Swali la Kumi na Nne

Micheweni, saa tatu, jua lishakaa
juu ya mawe na juu ya wanaoyavunja.
Nimekuja na fomu, kalamu mbili,
na viatu vya ofisi visivyoijua njia hii.

Bi Time Shaame hanyanyuki.
Kaliweka jiwe ndani ya pete ya mpira wa gari,
kushoto kashika pete, kulia nyundo:
ko. Ko. Ko.
"Uliza tu, mwanangu. Masikio hayavunji mawe."

Umri?
Akahesabu kwa njaa na kwa wajukuu,
nikaandika sitini na mbili.
Wangapi wanalala humu?
"Sita. Mvua ikinyesha wanalala wanne,
wawili wanashika ndoo."
Debe la kokoto unauza kiasi gani?
Akataja. Nikadhani sikusikia, nikauliza tena.
Akataja bei ile ile.

Mwaka juzi jina lake lilikuwemo.
Alipanga foleni pale skuli, akatia dole gumba, akapokea,
akanunua daftari na mchele wa mapembe,
na kila mara akaficha noti moja
ndani ya mkeka, baina ya ukili na ukili.
Noti zikazaa mabati kumi na mawili.
Upande wa kibla bado makuti,
lakini wenzangu walipokuja walitazama upande mmoja tu,
wakaandika: bati.
Jina likatoka.

"Wameniambia nimehitimu.
Mie, sijaingia skuli hata siku moja,
nimehitimu kwa bati."
Ko.

Jirani yake, Bi Mtumwa, kajifunza.
Makuti yake yameoza na hayagusi.
Karani akionekana kwenye kona ya msikiti
baiskeli hulazwa kichakani, mbuzi hupelekwa kwa shemeji,
na umaskini hutandikwa barazani
kama mkeka wa mgeni.

Mwezi uliopita alikuja mkubwa mmoja,
akasimama jukwaani akasema: mtegemea cha nduguye...
na watu, kwa adabu, wakamalizia:
hufa maskini.
Makofi. Maji ya chupa kwa meza ya mbele.

"Nilimalizia na mie, mdomo umezoea.
Lakini usiku nikapiga hesabu.
Ile lami aliyopita na gari lake
imelala juu ya kokoto zangu.
Msingi wa skuli, zangu.
Hospitali, zangu na za marehemu mama.
Sasa wewe uliyesoma nambie:
baina yangu na Serikali,
nduguye nani?"

Sikuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Nilikuwa na swali la kumi na nne:
Je, kaya inajitegemea? Ndiyo. Hapana. Weka alama moja.

Nikautazama mkono wake wa kushoto,
kidole kimoja hakikunjiki tena,
nikaona ndiyo.
Nikamtazama Khatibu, mjukuu wake, miaka kumi na moja,
Jumatano asubuhi, nyundo ndogo mkononi,
begi la skuli limetundikwa msumarini,
nikaona hapana.

Sikumwambia kuwa mama yangu naye alivunja,
kuwa nusu ya ada ya chuo changu ilitoka nyundoni
na nusu ilikuwa mkopo wa Serikali,
na mpaka leo sijui
nimesimama juu ya nusu ipi.

Kuku?
"Sina."
Ndani, chini ya tenga lililofunikwa kanga,
kuku akataga, na akatangaza.
Tukatazamana.
Nikaandika: sifuri.

Akaweka nyundo chini, mara ya kwanza tangu nifike,
akaingia jikoni. Moshi kidogo.
Akarudi na yai la kuchemsha kwenye sahani ya bati,
na chumvi pembeni.
"Kula. Umetoka mbali,
na mishahara yenu nasikia inachelewa."

Nikalila lile yai la kuku asiyekuwepo.
Swali la kumi na nne
nimelirudisha ofisini likiwa tupu.
Nyuma yangu, mpaka kwenye kona ya msikiti:
ko.
Ko.