Swali la Kumi na Tisa

Jumapili gazeti la parokia limechapisha tena jedwali.
Huku Luiziana wilaya huitwa parokia; sala hazihusiki.
Shule kumi na moja, darasa la nane, somo moja:
Maarifa ya Jamii.
Juu kabisa Bellefontaine, sabini na nane.
Chini kabisa sisi, Anse Perdrix, thelathini na nne.

Kati yetu na wao kuna mfereji, daraja la chuma,
na dakika tisa za gari ukikuta taa ya kijani.
Najua ni tisa. Binti yangu anasoma kule,
kwa anwani ya shangazi yake.

Hilo halikuandikwa gazetini.

Dalali wa nyumba, Bwana Arceneaux, amelikata jedwali kwa mkasi,
amelibandika dirishani, kando ya picha za vyumba vitatu na baraza.
Nyumba za ng'ambo zimepanda bei wino haujakauka.
Za kwetu zimepanda nguzo tu, zikiyakimbia maji.

Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Aliyesema hakutuona sisi na ndoo zetu kila Septemba.

Ofisini nilipewa ripoti yenye rangi.
Nyekundu yetu ilitanda ukurasa mzima
kama kimbunga kwenye ramani ya televisheni.
Miaka kumi na saba nafundisha mihimili ya dola
kwa vidole vitatu vilevile.
Nikashuka na kalamu, swali kwa swali,
hadi la kumi na tisa:

Raia asiporidhika na uamuzi wa halmashauri, afanye nini?
A. Ahudhurie mkutano wa hadhara, atoe maoni yake.
B. Akatae kulipa kodi.
C. Asubiri rais aingilie kati.
D. Ahame.

Ng'ambo, karibu wote walichagua A.
Kwetu, tisa kati ya ishirini na wawili
walikijaza weusi kiduara cha D.

Niliwaza: hawakusoma. Niliwaza: sikufundisha.
Kisha nikasoma majina.
Kerwin Verret. Mapacha wa kina Billiot. Thuy Lieu.
Wote wa barabara ya Chênière,
pale pampu ya maji ilipokufa mwezi wa Agosti
na hakuna aliyekuja hata kuizika.

Thuy Lieu alikwenda mkutanoni. Hotuba tuliiandika pamoja,
nikamsahihishia alama za mkato.
Kila msemaji dakika tatu.
Alisimama na bibi yake, akimtafsiria:
maji yalifika kwenye swichi ya taa,
friji ilielea, mbwa alilala juu ya friji.
Kengele ikalia bibi angali katikati ya sentensi.
Wajumbe wakashukuru kwa maoni.
Novemba pampu mpya ikafungwa.
Ng'ambo.

Jumatatu nilimwita mezani.
"Jibu lilikuwa A," nikasema,
kwa ile sauti ninayolipiwa mshahara.
Hakukasirika. Alilitazama swali, akanitazama.
"A tulishafanya, mwalimu.
Nilidhani wanauliza kinachofuata."

Mkuu wa shule, Bi Robichaux, alitaka mpango wa kupandisha alama.
Nikaandika: mazoezi zaidi, hasa ushiriki wa raia.
Akatia sahihi. Kalamu yake ilikuwa inaishiwa wino,
ikabidi airudie mara mbili.

Saa tisa unusu nikavuka daraja.
Binti yangu akaingia, akatupa begi nyuma.
"Lile swali la kumi na tisa, la halmashauri,
uliandika nini?"
"A," akasema, akifunga mkanda. "Si ndilo jibu?"
"Ndilo. Umewahi kwenda?"
"Wapi?"
"Mkutanoni."
"Mkutano upi?"

Taa ilikuwa ya kijani.
Nyuma yetu mtu akapiga honi.