Sahani ya Mgeni

Wiki mbili kabla ya kisu nilikula kwa macho.
Ini limejaa mafuta, alisema Daktari Wieczorek,
lisinyae kwanza, nipate pa kupita.
Nikanywa supu iliyochujwa. Nikanywa unga wa protini
wenye ladha ya chaki.
Mume wangu Zenon akawa anakaanga soseji zake
kwa jirani wa ghorofa ya tatu,
kwa siri, kama mzinzi,
akirudi ananuka kitunguu na hatia.

Usiku nilijifunza kutafuna.
Kijiko cha mtoto, chenye sungura kwenye mpini,
alichoanzia Ludwika wetu kula.
Kipande cha jibini: ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili.
Miaka arobaini na sita, na sikuwahi kufika tano.

Siku yenyewe Bytom ilikuwa na theluji chafu.
Nikavua pete kwa sabuni. Nikatia saini.
Muuguzi akauliza, unaogopa?
Nikamwambia: nimeendesha tramu miaka kumi na tisa,
tumbo langu likifika kwenye breki kabla ya mkono.
Leo mimi ni abiria. Hilo ndilo linalonitisha.

Wakakata, wakashona,
wakaniachia kifuko cha kutosha yai,
tena la kuku mdogo.

Maji, kwa matone.
Chakula kwanza, kisha nusu saa ndipo unywe;
nikaitazama saa ya jikoni kama msimamizi wa zamu.
Mwezi wa pili nikajidai:
pierogi moja ya mama, ya viazi na jibini,
moja tu, nzima, kwa haraka ya zamani.
Nikaishia sakafuni bafuni,
jasho chepechepe, moyo mbio,
nikiomba msamaha sijui kwa nani.
Mazoea yana taabu, ndiyo,
lakini nani aliwahi kusema yanatapisha?

Nywele zikahamia kwenye kitana.
Kilo zikashuka kama abiria kituo cha mwisho,
bila kuaga.
Leszek wa karakana, ambaye hajawahi kunishikia mlango,
sasa ananishikia, na tabasamu juu.
Nataka kumuuliza: yule mwingine
alikuwa mkubwa vile, ukamkosaje?

Ngozi ya mikono inaning'inia.
Nikilala naikunja pembeni.
Zenon huweka shavu pale pale, hasemi neno.

Na njaa? Ya tumbo imekwisha.
Ya mdomo haikupelekwa hospitali.
Saa nne usiku inavuta kiti,
inaanza kunihadithia mazishi ya baba,
na keki iliyonishika mkono siku ile
kuliko shangazi zangu wote.

Halafu mkesha wa Krismasi.
Vyakula kumi na viwili, na kila kimoja lazima kionjwe.
Na sahani moja tupu, kama kawaida ya nyumba zetu,
ya mgeni ambaye huenda akabisha hodi.
Nikala vijiko kumi na viwili vya sungura:
uyoga, kabichi chachu, samaki,
mpaka ncha ya kijiko ya keki ya mbegu za mpopi.
Mama alikuwa akinihesabia.
"Hupendi tena," akasema. Hakuwa anauliza.

Ningemjibu nini?
Nikaitazama ile sahani
nikamwona aliyekaa hapa mwaka jana,
kiti kikilia chini yake,
akicheka mdomo umejaa;
aliyenibeba kwenye uzazi, kwenye msiba,
kwenye zamu za alfajiri, miaka yote,
nami nikamtoa bila hata karamu ya kuagana.

Nikaweka pierogi moja kwenye sahani ya mgeni.

Mama akanitazama kitambo.
Akachukua upawa,
akamwongezea ya pili,
na siagi.