Kumbukumbu za Kikao cha Novemba

Tuliitana saa moja na nusu usiku, Alhamisi,
ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, mtaa wa Cloonbeg,
nusu saa kwa treni kutoka Dublin,
mvua ikiwa ile ile ya juzi, haijabadilisha hata nguo.
Katibu ni mimi. Ukatibu niliupata
kwa kosa la kuwa na kalamu.

Akidi ni watu kumi na wawili. Ndivyo katiba isemavyo,
kurasa nne zilizopigwa chapa mwaka tulipohamia,
barabara ikiwa tope, miti ikitufika magotini.
Tulikuwa kumi na mmoja.
Mwenyekiti, Fintan Geraghty, alihesabu kwa kidole,
akaanza upya kutokea mlangoni,
kana kwamba mtu angechipuka kati ya viti vya plastiki.
Magda wa namba tisa alikuwa na mtoto begani.
Mtoto naye anahesabika?
Halipi ada, akasema mhazini.
Basi tukakaa. Chai ikapoa.
Biskuti zikaisha kabla ajenda haijaanza.

Ndipo Bi Concepta wa namba ishirini na mbili
akafunga mkoba wake, ta! ukumbi mzima ukasikia.
"Ni kumi na wawili," akasema. "Hesabuni vizuri."

Niseme hapa linalojulikana na daftari la ada tu:
kila mtu mzima hulipa yuro kumi kwa mwaka,
na kila Januari bahasha ya ishirini na mbili
huja na noti ya ishirini, imekunjwa mara nne.
Colm ana miaka mitatu makaburini.
Mwaka ule wa kwanza niliandika stakabadhi ya mtu mmoja,
nikairudisha ile kumi mlangoni kwake.
Asubuhi niliikuta kwenye sanduku langu la barua,
bila neno, imelowa.
Tangu siku hiyo naandika: wawili.

Fintan alinitazama. Nami nikamtazama mhazini.
Mhazini akainamia daftari, akalamba kidole, akafunua.
"Wamelipa," akasema. "Wote."
Kikao kikafunguliwa.

Mapipa ya kahawia yasitolewe nje kabla ya Jumapili jioni;
mbweha anaijua ratiba kutushinda.
Ua wa Bwana Hanrahan umemeza nusu ya njia.
Alisema ataukata ndege wakishaondoka.
Novemba hii, ndege gani?
"Wangu," akajibu, akakunja mikono.
Paka wa kijivu aliyetangazwa kupotea ameonekana:
ana nyumba tatu, majina matatu, na tumbo.
Mashine ya kukatia nyasi haijulikani ilipo.
Hapa kila mtu alikagua viatu vyake.

Taa ya nguzo ya saba imezimika tangu Septemba.
Pendekezo: barua ya tatu iende kwa baraza,
safari hii bila neno "tafadhali".
Wanaokubali?
Mikono ikapanda. Bi Concepta alinyoosha wa kulia,
kisha, polepole, kama anayetoa kitu ndani ya sanduku,
wa kushoto.
Nikaandika: kura kumi na mbili. Wanaopinga, hakuna.

Yasiyoandikwa ni haya.
Nguzo ya saba iko mbele ya geti lake.
Colm ndiye aliyewasumbua baraza kwa simu
mpaka ikasimikwa, miaka hiyo,
halafu akalalamika kwamba inamulika chumbani.

Tulimsindikiza, sita au saba, tochi za simu mkononi,
tukizungumzia bei ya kuni.
Kwenye ua wa Hanrahan njia huwa nyembamba,
watu wawili tu, bega kwa bega.
Bi Concepta alipita upande wake wa kulia.
Hakuna aliyesema kitu. Magda na mtoto wake
walishuka, wakapita kwenye majani mabichi.