Asilimia Tano

Chupa ya kiyeyushi ina picha ya mtu
aliyepasuka kifuani kwa umbo la nyota.
Miaka sita nimeishika bila kuitazama.
Leo, mimba ya miezi minne, naitazama.

"Usiiguse tena," asema Profesa Pyo,
macho yake yameganda kwenye viatu vyangu,
hajui atoe hongera au pole.
"Basi," asema, "jaribu maji."

Maji! Katika maabara hii ya Daejeon
tunakofukuza unyevu kama mwizi,
ambako sodiamu ikidondokewa na tone
huwaka kwa hasira ya manjano.

Lakini gundi huchanganywa kabla, mezani,
kisha hukaushwa usiku kucha kwa joto na ombwe;
sodiamu haitajua kamwe kwamba maji yalipita.

Niseme juu ya gundi, maana hakuna anayeisema.
Wageni wakija tunawaonyesha bati, unga wake wa kijivu:
sodiamu ikiingia, bati linavimba karibu mara tano,
ikitoka, linasinyaa.
Vimba, sinyaa. Vimba, sinyaa.
Nani anaishikilia nyumba hiyo isibomoke?
Asilimia tano ya uzito.
Katika makala yetu hutajwa mstari mmoja,
karibu na pale ninaposhukuriwa mimi.

Gundi yetu ya zamani, ile ya florini,
ilishika kwa kugusa tu, si kwa kukumbatia.
Nayo sodiamu iliinyonyoa florini, moja moja,
kama kuku aliye hai.
Tulipofungua betri ya mzunguko wa thelathini
bati lilimwagika mezani kama majivu
na karatasi ya alumini ilibaki uchi, inang'aa,
haina habari.

Wiki hiyo hiyo mavyaa alituma kifurushi kutoka Wando:
mwani mkavu, mrefu kuliko mkono wangu,
umefungwa bila kukunjwa.
Wa mzazi haukunjwi, aliandika, wala haukatwi,
mtoto asije akapata shida njiani.
Ni wa supu, mpaka siku ifike.

Nilikata kipande. Kidogo tu, kama kidole.
Nikakiloweka kwenye kikombe cha chai cha maabara.
Kikavimba, kikavimba, hakikupasuka;
kikatoa ute wa kuteleza kama mlenda,
na ute ule ukaning'ang'ania vidoleni
hata sabuni ikakata tamaa.

Nikaagiza unga wenyewe, mweupe, uliosafishwa,
chumvi iliyotolewa ndani ya mwani.
Bati themanini, masizi kumi na tano, gundi tano.
Mara ya kwanza ukawa uji wenye mapovu.
Gi-tae akachungulia: "Leo tunakula nini?"
Mara ya pili ukapasuka ulipokauka,
nyufa za jaruba lililosahauliwa na mvua.
Mara ya tatu nilikoroga polepole, saa nne,
nimekaa, miguu juu ya katoni,
na asubuhi nikabandika utepe, nikabandua:
utepe ukatoka msafi.

Sitaki kudanganya. Chaji ya kwanza bado inatuibia:
sodiamu kumi huingia, saba hutoka,
na hizo tatu zinakojificha najua kidogo tu.
Lakini mzunguko wa thelathini ukapita.
Wa themanini. Wa mia na kumi,
mstari kwenye kioo umenyooka kama uzi wa fundi,
na mimi nimesimama mbele yake usiku wa manane,
mkono tumboni, ambako mtu asiye na jina
anajifunza kupiga teke.

Simu ikalia.
"Ule mwani umeuweka pakavu?"
"Pakavu, mama."
"Haujakunjika?"
"Haujakunjika."
Nikameza mate.
"Nimeukata kipande, mama. Kwa kazi."
Kimya kikapita, kirefu.

"Na kazi yenyewe," akauliza,
"imeshika?"