Gunia la Bi Kazija

Chumba walichotupa, skulini Konde, kina taa ya tyubu
inayolia kama nzi aliyenaswa chupani.
Mimi sikuisikia. Mize aliisikia tangu getini,
akaingia kiganja sikioni,
akakaa upande, akampa mtaalamu bega.

Mtaalamu kaja na boti kutoka Unguja, sanduku la vibao mkononi,
mtu mpole, sina la kumsema.
"Mize, kijiko na uma vinafanana vipi?"
"Havifanani."
"Ukipotea sokoni utafanya nini?"
Kimya. Hajapata kupotea sokoni. Hajapata kuachwa mkono.
"Picha hii ina kasoro gani?"
Mtu kavaa koti zito, miti imepukutika, chini kweupe pe.
Akaitazama muda mrefu.
Kwa mtoto wa Konde, kasoro ni picha nzima.

Kisha vibao, vyekundu na vyeupe.
Saa haijabonyezwa sawasawa
mchoro ushakamilika;
wa pili, wa tatu, hadi ule wa mwisho kabisa
ambao, alininong'oneza, watu wazima huushindwa.
Nikakohoa.
Baba akitaka kujivuna hukohoa.

Akajumlisha, akagawa, akaandika kwa penseli
namba moja, ndogo.
"Huu ndio wastani wake."

Mimi ni karani wa mizani, kituo cha karafuu, mwaka wa kumi na tisa huu.
Daraja la kwanza naijua kwa kuivunja kichwa.
Mpeta naijua kwa harufu, gunia halijashushwa.
Nikamwambia: Mwalimu, ukinitilia makonyo na karafuu gunia moja
ukanipa bei ya katikati,
hiyo bei ya nini?
Si ya makonyo. Si ya karafuu.
Hakuna kitu duniani chenye bei hiyo.
Akatabasamu, akasema kweli,
lakini fomu ina kisanduku kimoja.

Nami nisiongope.
Wapo wanaotaka niseme mwanangu hazina iliyofukiwa.
Vifungo vya gauni lake ni asubuhi nzima.
Ana miaka kumi na mmoja, na siku nyengine hasemi hata "maji",
hupiga kichwa ukutani mpaka mama yake atie kiganja katikati,
na kinachovimba ni kiganja.
Hilo nalo, kwenye ile namba, silioni.

Tulikuwa tushatoka, tuko kwenye jua,
akasema bila kunitazama, kama anayesoma kibao cha duka:
"Bi Kazija. Hamsini na mbili na nusu."
Sikushtuka. Magunia yote anayakumbuka,
tangu alipokuwa akikaa chini ya meza yangu
miguu ya watu ikimpita usoni.
"Baba kaandika hamsini."

Msimu wa mwaka juzi. Mawingu yametanda, foleni imefika barabarani,
mjane, peke yake, hajui kusoma mshale.
Kilo mbili na nusu.
Niliziita unyevu.
Wallahi hata mimi nilikuwa nishaamini ni unyevu.

Usiku huu nimelifungua daftari la zamani.
Ile karatasi nimeikunja, nimeitia humo humo,
namba yake juu ya namba yangu,
moja ya penseli, moja ya wino.
Mize yuko sakafuni, anapanga makonyo kwa urefu,
jamvi zima, tangu magharibi,
mama yake anamwita kula mara ya nne.

Kesho Jumamosi. Bi Kazija anakaa nyuma ya kisima cha chini.
Nitakwenda na pesa zake, na Mize nitamshika mkono.
Njia nzima najua nitajiambia la kusema,
na mlangoni ulimi utakwama.
Yeye ataweza kusema,
ikiwa kesho ni siku ya kusema.