Robo kwa Robo

Ilikatika saa nane usiku. Buruburu nzima iliisikia.
Mama Kwamboka akazima taa, akidhani ni risasi.
Kulipokucha nikaikuta juu ya mlango wa gereji:
springi vipande viwili,
na pengo la vidole vitatu katikati.

Fundi alitaka elfu kumi na tano.
Nikaenda Kariobangi, nikarudi na mpya,
nondo mbili, na onyo la muuzaji:
"Usisimame mbele yake. Kaa kando,
kama unavyokaa na mtu mwenye hasira."

Robo. Robo. Robo.
Naliaka anahesabu kwa chaki ukutani.
Nondo inataka kurudi ilikotoka,
na mkono wangu unajua.
Kwenye kumi na tisa akanyamaza,
kisha akasema, "Mama, pumua."
Mzunguko wa saba niliusikia hadi kwenye magego.

Gari tuliliuza Januari, likawa karo.
Gereji ina gunia la mkaa
na baiskeli isiyo na mnyororo.

Hata hivyo niliuinua mlango kwa vidole viwili,
nikauachia nusu njia.

Ukakaa.